Nixon Alishindwa, Ikulu Ikashinda

Ndugu Mwenyekiti, wanasheria, ndugu wanahabari, na nyinyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, habari za jioni.

Mada yetu ni siri ya mazungumzo ya rais: yale anayosema na washauri wake mlango ukiwa umefungwa, na nani anaweza kuyadai. Nitabaki Marekani, kwa sababu huko ndiko jambo hili lilipiganiwa mahakamani hadi ngazi ya mwisho, na kumbukumbu zake zipo wazi hata kwa aina ya mashine iliyonasa sauti.

Nianze na kosa ambalo magazeti hulirudia. Husemwa kwamba mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua rais hana siri mbele ya sheria. Haikuamua hivyo. Ilitamka kwamba anayo, ikasema mizizi yake imo ndani ya Katiba, kisha ikamwagiza Rais Richard Nixon alete kanda za mazungumzo yake, zilizotakiwa katika kesi ya kashfa ya Watergate: watu kuvunja ofisi za chama pinzani katika jengo la Watergate mwaka 1972, na juhudi za kuficha ukweli wake. Kabla ya siku ile haki hiyo ilikuwa desturi na ubishi wa barua kati ya Ikulu na Kongresi. Baada ya siku ile ilikuwa na hukumu ya majaji wanane, bila hata mmoja kupinga. Nixon aliondoka madarakani, na marais waliomfuata wamekuwa wakiinukuu hukumu iliyomwangusha.

Katiba ya Marekani haina neno hata moja kuhusu siri ya mazungumzo ya rais. Tofauti na kwetu Tanzania, ambako Ibara ya 54(5) ya Katiba inazuia mahakama yoyote kuchunguza kama Baraza la Mawaziri lilimpa Rais ushauri, na ulikuwa ushauri gani. Sisi mlango umefungwa kwa maandishi. Wao waliujenga polepole, kwa ugomvi baada ya ugomvi, na hilo ndilo linalowafaa wanafunzi, maana kila kipimo kina kesi yake na kila kesi ina sababu zake.

Ugomvi wa kwanza ulikuja mwaka 1792. Mwaka uliotangulia Jenerali Arthur St. Clair alikuwa ameshindwa vibaya na mataifa ya wenyeji, askari zaidi ya 600 wakauawa, na Baraza la Wawakilishi likataka nyaraka. George Washington akawaita mawaziri wake. Wakakubaliana kwamba Baraza lina haki ya kuuliza, kwamba maombi yaelekezwe kwa Rais na siyo kwa waziri, na kwamba Rais atoe zile ambazo maslahi ya umma yanaruhusu na azuie zitakazoleta madhara. Kisha wakazitoa zote. Kwa hiyo kanuni ya kuzuia ilizaliwa siku ambayo hakuna kilichozuiwa! Miaka minne baadaye, katika mabishano ya mkataba na Uingereza, Washington alizuia nyaraka kweli: aliliambia Baraza kwamba mikataba ni kazi ya Rais na Seneti.

Mwaka 1807, kwenye kesi ya uhaini ya Aaron Burr, aliyekuwa makamu wa rais, Jaji Mkuu John Marshall alitamka kwamba hati ya wito inaweza kumfikia hata rais. Rais Thomas Jefferson akaikabidhi barua iliyotakiwa kwa wakili wa serikali, akimruhusu aondoe sehemu zisizohusika. Nitairuka karibu karne moja na nusu inayofuata. Mwaka 1954 Rais Dwight Eisenhower aliwakataza watumishi wa Wizara ya Ulinzi kueleza mashauriano yao ya ndani mbele ya kamati iliyokuwa ikisikiliza mvutano kati ya Seneta Joseph McCarthy na jeshi. Hadi hapo, mahakama ilikuwa bado haijaulizwa swali lenyewe: je, rais akisema "hapana", nani anasema la mwisho?

Sasa tuingie kwenye mashine, maana bila mashine hakuna kesi.

Februari 1971 mafundi wa kikosi kinachomlinda rais waliweka maikrofoni saba katika ofisi ya Nixon: tano ndani ya meza yake, mbili kwenye taa za ukutani karibu na meko. Chumba cha mikutano ya baraza la mawaziri kikapata zake mbili. Baadaye zikafuata ofisi yake ya pili katika jengo la jirani, simu kadhaa, na nyumba ya mapumziko ya Camp David. Vinasa sauti vilikuwa mashine za Sony, na isipokuwa katika chumba cha baraza la mawaziri, vilijiwasha vyenyewe kwa sauti. Mtu akikohoa, kanda inazunguka. Ili kanda moja ichukue saa nyingi, mafundi walitumia utepe mwembamba sana na mwendo wa polepole mno, chini ya inchi moja kwa sekunde. Faida ni kwamba hukuhitaji kubadilisha kanda kila mara. Hasara ni sauti mbovu: kikombe kikigusa meza kinasikika kama nyundo, na rais mwenyewe anasikika kama mtu aliyeko chumba cha tatu. Wanaoandika mazungumzo hayo hadi leo hubishana juu ya neno moja moja. Mitambo ilifanya kazi hadi Julai 1973 na kuacha kanda za saa zipatazo 3,700.

Waliojua walikuwa wachache sana. Hata Henry Kissinger, mshauri wake wa usalama wa taifa, aliyekuwa akiingia na kutoka humo kila siku, hakujua. Tarehe 16 Julai 1973 msaidizi wa zamani wa Ikulu, Alexander Butterfield, aliulizwa mbele ya kamati ya Seneti iliyochunguza Watergate kama anajua mitambo yoyote ya kusikiliza katika ofisi ya Rais. Akajibu kwamba anajua. Siku chache baadaye mitambo iling'olewa. Kanda hazikuchomwa.

Wiki moja baada ya jibu la Butterfield, mwendesha mashtaka maalumu Archibald Cox alitoa wito wa mazungumzo tisa. Jaji John Sirica akaagiza yaletwe kwake ayasikilize mwenyewe, na tarehe 12 Oktoba mahakama ya rufaa ikamuunga mkono. Nixon hakukata rufaa zaidi. Alileta pendekezo: muhtasari uandaliwe Ikulu, na Seneta John Stennis asikilize kanda athibitishe kwamba muhtasari ni sahihi. Stennis alikuwa na miaka 72 na masikio yake hayakuwa mazuri. Nami nawaambia, kwa kanda zile hata kijana mwenye masikio ya popo angehangaika. Cox akakataa. Jumamosi ya tarehe 20 Oktoba Nixon akaagiza afukuzwe. Mwanasheria Mkuu Elliot Richardson akajiuzulu badala ya kutii, naibu wake William Ruckelshaus naye akagoma, na wa tatu kwa cheo, Robert Bork, ndiye aliyetia saini barua. Umma ukawaka. Ndani ya siku chache Nixon akakubali kutoa kanda, ndipo ikaelezwa kwamba mazungumzo mawili kati ya yale tisa hayakuwahi kunaswa. Kuna kanda nyingine iliyokuwa na doa, nitairudia mwishoni.

Aliyechukua nafasi ya Cox, Leon Jaworski, ndiye wa kumsoma kwa makini kama unataka kujua wito unavyoandikwa usipate mwanya wa kupingwa. Machi 1974 watu saba wa karibu na Nixon walishtakiwa kwa kuficha ukweli wa Watergate. Aprili, Jaworski akadai mazungumzo 64. Kanuni za mwenendo wa jinai za Marekani zinataka anayedai vielelezo kabla ya kesi aonyeshe mambo matatu: kwamba vinahusiana na mashtaka, kwamba vinaweza kupokelewa kama ushahidi, na kwamba vimetajwa kimahususi. Hilo la tatu ndilo linaloua maombi mengi. Ukiandika "mawasiliano yote kuhusu jambo fulani", jaji anakuona unavua kwa kokoro.

Jaworski hakuvua hivyo. Kwa kila mazungumzo alitaja tarehe, saa na waliokuwepo, akivitoa katika daftari za Ikulu yenyewe zilizoandika nani ameingia kwa Rais na saa ngapi. Kwa mengi kati yake aliongeza kiapo cha mtu aliyekuwemo chumbani akieleza kilichozungumzwa. Hivyo mahakama haikuombwa ikisie. Iliambiwa kwamba kanda fulani, siku fulani, ina sauti za watu fulani, na mmoja wao anasema walijadili jambo lililo kwenye hati ya mashtaka. Nixon alijibu kwa kuchapisha kurasa zaidi ya 1,200 za maandishi yaliyohaririwa, matusi yakiwa yamefutwa, akitumaini zitatosha. Hazikutosha. Maandishi ya mtuhumiwa hayawezi kuchukua nafasi ya kanda, na zaidi ya hapo yalizidi kuidhoofisha hoja yake, maana huwezi kutangaza mazungumzo barazani kisha ukasema ni siri.

Shauri lilisikilizwa tarehe 8 Julai 1974 na hukumu ikatoka tarehe 24, siku 16 tu. Jaji William Rehnquist alijitoa kwa sababu aliwahi kufanya kazi Wizara ya Sheria chini ya Nixon. Jaji Mkuu Warren Burger, aliyeteuliwa na Nixon mwenyewe, ndiye aliyeandika.

Hukumu ile ina hatua nne na ni vizuri kuzitenganisha, kwa sababu wengi hukumbuka ya mwisho tu. Kwanza, kusema sheria inasemaje ni kazi ya mahakama. Rais hawezi kuwa hakimu wa dai lake mwenyewe. Pili, usiri wa mazungumzo ya rais una msingi wa kikatiba, kwa hoja ya kibinadamu kabisa: mshauri anayejua maneno yake yatatangazwa kesho atayapunguza makali, atasema yanayompendezesha, na rais ataamua akiwa gizani. Kwa hiyo mahakama inaanza kwa kudhani mazungumzo yana siri. Anayeyataka ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha. Tatu, dhana hiyo inaweza kupingwa. Nixon hakudai kwamba kanda zina siri za kijeshi au za kidiplomasia, na Burger alilisisitiza hilo, kwani angedai hivyo mzani ungekuwa mwingine. Alidai usiri wa jumla tu: mazungumzo ya rais yasiguswe. Nne, dai la jumla likiwekwa mizani na hitaji mahususi la ushahidi katika kesi ya jinai iliyokwisha kufunguliwa, hitaji mahususi linashinda.

Ukisikia mtu anataja kesi hii kana kwamba inamaliza kila ugomvi wa siri za rais, muulize kama amesoma tanbihi. Mahakama ilisema wazi kwamba haizungumzii kesi za madai wala maombi ya Kongresi. Hayo iliyaacha.

Na jinsi ya kutekeleza? Kanda hazikwenda moja kwa moja mezani kwa Jaworski. Zilikwenda chemba kwa Sirica. Jaji anavaa vifaa vya masikioni, anasikiliza, anatenga sehemu zinazohusika na mashtaka, na sehemu hizo tu ndizo zinazopelekwa kwa mwendesha mashtaka. Kinachobaki kinarudi kuwa siri kamili na kurejeshwa kikiwa kimefungwa kwa lakiri kwa mwenye kukitunza. Ukinong'ona na waziri juu ya afya ya kiongozi wa nchi jirani katikati ya mazungumzo ya wizi, mnong'ono huo haufiki kortini. Utaratibu huu wa chemba ndio uliowezesha majaji wote wanane kukubaliana, kwa maoni yangu. Bila huo wangelazimika kuchagua kati ya kutoa vyote na kuzuia vyote.

Tarehe 5 Agosti kanda ya 23 Juni 1972 ikatangazwa: Nixon anasikika akikubali mpango wa mkuu wa wafanyakazi wake, Bob Haldeman, kwamba shirika la ujasusi, CIA, liwaambie wapelelezi wa FBI waache kuchimba. Tarehe 9 Agosti alikuwa ameshaondoka. Siku nyingine 16, tangu hukumu.

Sasa linganisheni na kilichoipata kamati ya Seneti, ileile iliyomhoji Butterfield. Ilidai kanda tano za mazungumzo ya Nixon na wakili wake wa Ikulu, John Dean. Mei 1974, miezi miwili tu kabla ya ushindi wa Jaworski, mahakama ya rufaa iliinyima. Rais yuleyule, mwaka uleule, majibu mawili tofauti. Sababu? Kamati ilitakiwa kuonyesha kwamba bila kanda hizo kazi yake ya kutunga sheria itakwama. Haikuweza. Bunge linaweza kutunga sheria likijua mwelekeo wa mambo kwa ujumla, na kamati nyingine, ile ya Baraza la Wawakilishi iliyochunguza kumwondoa Nixon, ilikuwa tayari na nakala. Jopo la mashtaka au mahakama ya jinai haina nafasi hiyo: kesi inasimama au inaanguka kwa kujua nani alisema nini, siku gani.

Kuna mkanganyiko mwingine. Siyo kila siri ya serikali ni siri ya rais. Mwaka 1997, katika uchunguzi uliomhusu Waziri wa Kilimo wa zamani Mike Espy, Ikulu ilizuia nyaraka 84, na mahakama ya rufaa ya Washington ikatumia nafasi hiyo kuchora mpaka. Kuna siri ya mashauriano ya kawaida ya ofisi za serikali: hii inalinda maoni na mapendekezo, hailindi taarifa za ukweli mtupu, na inaporomoka kukiwa na dalili za uovu. Halafu kuna siri ya rais yenyewe: hii inafunika waraka mzima, maoni na taarifa, na inawafikia washauri wake wa karibu Ikulu na wanaowaandalia kazi, hata kama karatasi haikumfikia rais. Haishuki wizarani. Ofisa wa wizara aliyeandika dokezo kwa waziri wake hawezi kujificha nyuma ya mgongo wa rais. Kuivunja, anayedai aonyeshe kwamba nyaraka zinaelekea kuwa na ushahidi muhimu na kwamba haupatikani kwingine kwa juhudi za kawaida.

Kwa wanahabari: msemaji akisema "hilo ni siri ya rais", swali lenu la kwanza liwe je, rais mwenyewe amesema hivyo?

Swali hilo si la ukorofi. Waraka wa Ronald Reagan wa Novemba 1982 uliweka hatua. Wizara inayopata maombi ya Kongresi ijadiliane kwanza itafute suluhu. Ikiona kuna jambo zito, imjulishe Mwanasheria Mkuu na wakili wa Rais, na kamati iombwe isubiri. Uamuzi wa kutumia haki hiyo ni wa Rais peke yake. Mshauri hawezi kujitangazia. Peter Navarro aliyekuwa mshauri wa Donald Trump aliitwa na kamati iliyochunguza uvamizi wa bunge wa tarehe 6 Januari 2021, akasema mikono yake imefungwa na siri ya rais, hakufika wala hakuleta karatasi. Jaji alipouliza ushahidi kwamba Trump aliitumia rasmi haki hiyo, hakuna uliotosheleza. Septemba 2023 alitiwa hatiani kwa kudharau wito, akatumikia miezi minne. Na hata kama rais angesema, mtu huitwa, hufika, na hukataa swali kwa swali. Kutofika kabisa ni jambo jingine.

Dai pia hufa likichelewa au likishavuja. Juni 2012 Barack Obama alizuia nyaraka za Wizara ya Sheria kuhusu operesheni ya kufuatilia silaha zilizovushwa kwenda Meksiko. Januari 2016 jaji aliamuru zitolewe, hasa kwa sababu mambo yaliyokuwa ndani yake yalikuwa yameshachapishwa katika ripoti ya mkaguzi wa wizara yenyewe.

Na rais aliyestaafu? Mwaka 1977, katika kesi ya nyaraka za Nixon, kurasa zipatazo milioni 42 na kanda 880, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba mstaafu anaweza kuinua dai, lakini ikampa uzito mdogo kuliko aliyeko kitini. Mwaka uliofuata sheria ikafanya kumbukumbu za rais kuwa mali ya taifa kuanzia waliochukua madaraka Januari 1981, na kumruhusu rais anayeondoka azuie mawasiliano yake na washauri kwa muda usiozidi miaka 12. Trump alipojaribu kuzuia kumbukumbu zake zisifike kwa kamati ile ya Januari 6, Joe Biden hakumuunga mkono, na Januari 2022 Mahakama ya Juu ilikataa kusimamisha utoaji, jaji mmoja tu akipinga. Msisome zaidi ya kilichopo hapo: Mahakama ilisema dai lingeshindwa hata kama angekuwa bado rais, kwa hiyo swali la mstaafu dhidi ya mrithi wake halijamalizwa.

Niliahidi kurudi kwenye doa. Kanda ya 20 Juni 1972, siku tatu baada ya wezi kukamatwa Watergate, ina mazungumzo ya Nixon na Haldeman ambamo dakika 18 na nusu ni mvumo mtupu. Katibu wa Nixon, Rose Mary Woods, alieleza kwamba huenda alifuta kama dakika tano kwa bahati mbaya: alikuwa akinakili, simu ikalia, akabonyeza kitufe cha kurekodi huku mguu ukibaki kwenye pedali. Alipigwa picha akionyesha alivyojinyoosha kufikia simu, na ukiitazama picha ile mgongo wako ndio unaouma. Jopo la wataalamu lililoteuliwa kwa ajili ya mahakama liliripoti mwaka 1974 kwamba ufutaji ulifanywa kwa mashine ya Uher 5000, mara tano au zaidi, kila mara kwa mkono kubonyeza kitufe. Nani alibonyeza haijathibitishwa. Hakuna kanuni ya siri, mizani wala chemba inayosaidia hapo, kwa sababu anayetunza kielelezo alikuwa upande mmoja na anayechunguzwa.

Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani ilijaribu upya, ikatengeneza kanda za majaribio zilizofutwa kwa namna ileile ili waone kama kuna mbinu ya kurudisha sauti. Mwaka 2003 walitangaza kwamba hakuna iliyofaulu. Kanda yenyewe wameirudisha chumba chenye baridi, haichezwi, inasubiri mbinu ambayo bado haijagunduliwa.

Nakaribisha maswali. Tuanze na dada yule wa mstari wa mbele.